Sigara Nayo Ina Dawa

Ndani ya nyambizi hakuna anayethubutu kuwasha kiberiti. Mabaharia wa Uswidi wa miaka ya 1960 walilijua hilo, na wale waliokuwa wavutaji walikuwa na njia yao: wakizama wanahamia kwenye tumbaku ya mdomoni, wakirudi nchi kavu wanarudi kwenye sigara. Claes Lundgren, mtafiti wa mjini Lund aliyeshughulika na afya ya mabaharia hao, aliliona jambo ambalo wenzake walilipita. Ikiwa mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila moshi, mradi ana tumbaku mdomoni, basi anacholilia ni nikotini. Moshi ni chombo tu cha kuifikisha. Mwishoni mwa 1967 akamwandikia barua Ove Fernö, mkemia wa kampuni ya dawa ya AB Leo mjini Helsingborg, akipendekeza itafutwe namna ya kumpa mvutaji nikotini yake bila moto na bila majivu.

Fernö naye alikuwa mvutaji, kwa hiyo barua ilimkuta mtu mwenye shida yake. Kazi ilichukua miaka 10 na ushei. Nikotini ikiwekwa tu kwenye chingamu hutoka yote kwa pamoja, inachoma koo na kuchafua tumbo. Ilibidi ifungwe kwenye chembechembe maalumu zinazoiachia kidogokidogo kadiri mtu anavyotafuna, kisha iongezwe kitu cha kupunguza ukali wa asidi mdomoni ili ipenye kwenye ngozi laini ya shavu. Uswisi iliiidhinisha chingamu hiyo mwaka 1978, Marekani 1984. Ndiyo ikawa dawa ya kwanza ya nikotini ya kuacha sigara kuuzwa duniani.

Habari hii inafaa kusimuliwa kwetu kwa sababu bado tunaamini kuwa kuacha sigara ni suala la moyo mgumu. "Ukiamua unaacha." Utaisikia kwa mke, kwa shehe, kwa mchungaji, kwa rafiki aliyeacha mwaka juzi, na inasikitisha kwamba utaisikia hata kwa daktari. Mgonjwa anaulizwa kama anavuta, anakubali, daktari anaandika, anamwambia aache, wanaendelea na presha. Mtu anatoka pale akiwa na cheti cha dawa za kila kitu isipokuwa kile kinachompeleka kaburini. Akijaribu kwa nguvu zake na kushindwa, familia inamwona legelege, na yeye mwenyewe anaanza kujiona hivyo.

Takwimu zinamtetea. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio zaidi ya 300, yenye washiriki zaidi ya 150,000, wakalinganisha dawa za kuacha sigara pamoja na sigara za kielektroniki. Katika watu 100 wanaojaribu kuacha bila dawa, takriban 6 ndio hufika miezi 6 au zaidi bila kuvuta. Wakitumia aina moja ya nikotini ya tiba, plasta au chingamu, wanakuwa kama 9. Wakitumia plasta pamoja na chingamu, 12. Wakitumia vidonge vya vareniklini au sitisini, 14. Msomaji anaweza kusema 14 ni wachache. Mimi naiona tofauti kati ya 6 na 14 kuwa ni watu wanane wenye watoto, wenye kazi, ambao wasingekuwa wameacha. Na 86 waliobaki hawajafukuzwa: wengi wa walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja.

Mambo yanayotokea mwilini si ya kificho. Mtu akivuta pafu moja, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Pale inashika milango fulani ya neva, na ubongo unamwaga dopamini, kemikali ya kuridhika. Baada ya saa 2 hivi nusu ya nikotini iliyokuwa kwenye damu imekwisha, na ubongo uliozoea unaanza kudai. Wale wa vijiweni wanaiita arosto, jina lile lile la maumivu ya anayekosa unga, na hawajakosea. Hasira za ghafla, usingizi kukatika, akili kutotulia, njaa isiyoeleweka. Dalili hupanda sana siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka polepole kwa wiki 2 hadi 4. Wengi hurudi kwenye sigara katika zile siku 3 za kwanza, kabla hawajaonja nafuu.

Kinachoua kiko kwingine. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zinazojulikana kusababisha saratani ni karibu 70. Lami inaganda kwenye mapafu, kaboni monoksaidi inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Nikotini ndiyo kamba inayomfunga mtu kwenye sumu hizo. Chingamu na plasta zinampa nikotini kiasi, taratibu, bila lami na bila gesi, halafu zinapunguzwa wiki hadi wiki mpaka mwili ukubali kuikosa. Hofu ya kwamba plasta itakupa saratani haina msingi. Ila nikotini ni sumu kwa mtoto, kwa hiyo pakiti na plasta zilizotumika zikae mbali na watoto, na mjamzito asianze bila kuongea na daktari.

Plasta ina asili inayotugusa moja kwa moja. Murray Jarvik, mtaalamu wa dawa wa chuo kikuu cha UCLA huko California, na mwenzake Jed Rose, walivutiwa na ugonjwa wa wavunaji tumbaku wa kusini mwa Marekani: vijana wanaochuma majani mabichi yenye umande, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika. Nikotini ilikuwa ikipenya kwenye ngozi zao. Mtu wa Urambo, Kaliua au Chunya aliyewahi kuchuma tumbaku alfajiri kwa mikono mitupu, nguo zikiwa zimelowa, hahitaji kufafanuliwa. Jarvik na Rose wakajiuliza: ikiwa ngozi inaweza kumlewesha mchumaji, kwa nini isimtibu mvutaji? Walipokosa kibali cha kufanya jaribio kwa watu wengine, walijipaka wenyewe na kupima mapigo ya moyo, yakapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 plasta ikawa inaandikwa na madaktari wa Marekani. Jasho la mashamba ya tumbaku limechangia tiba hii, na ni haki wanaolima zao hilo Tabora nao waipate.

Kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, plasta ya kawaida huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, ikashuka hadi 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Inabandikwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, begani au kifuani, na kesho yake inabandikwa mpya sehemu nyingine ili ngozi isiwashwe. Ikikuletea ndoto za ajabu, ivue unapolala.

Chingamu ndiyo inayokosewa zaidi. Niliwahi kusimama kwenye duka moja la dawa Kariakoo nikamsikiliza mfamasia, binti mdogo, akimwelekeza mzee aliyetumiwa pakiti na mwanawe aliye nje ya nchi. Mzee alikuwa amezitafuna tatu kwa mkupuo, zikampa kwikwi ya asubuhi nzima, na alikuwa amekuja kuzirudisha.

"Shikamoo mzee wangu. Hii haitafunwi kama bigijii."

"Marahaba. Sasa kitu cha kutafuna nisitafune?"

"Unatafuna polepole. Ukisikia inawasha kama pilipili manga, unaacha. Unaisogeza hapa, kati ya shavu na fizi, inakaa. Muwasho ukiisha unatafuna tena kidogo, unaipeleka upande wa pili. Nusu saa yote."

"Na mate?"

"Usiyameze kwa pupa. Ukiyameza dawa inaishia tumboni, ndiyo kwikwi na kiungulia. Halafu robo saa kabla ya kutafuna, na wakati unatafuna, kahawa hapana, soda hapana."

Mzee aliguna pale kwenye kahawa. Binti akamuuliza anawasha sigara ya kwanza saa ngapi akiamka. "Kabla sijanawa uso." Akaitazama pakiti: ilikuwa ya miligramu 2. Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka anafaa kuanza na ya miligramu 4; iliyo ndogo haimtoshi, na atadhani dawa ndiyo mbovu. Alimwambia pia asisubiri mpaka hamu imbane. Wiki za mwanzo atahitaji chingamu 8 hadi 12 kwa siku, zikipangwa, kila saa moja au mbili. Mazungumzo yale hayakufika dakika 5. Nilitoka pale nikijiuliza ni pakiti ngapi zinatupwa kwa kukosa dakika 5 za namna ile.

Suala la kahawa lina upande wa pili ambao watu hawaambiwi. Kemikali za moshi huchochea ini liivunje kafeini haraka, karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta. Mtu akiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wake ndani ya siku chache, na vikombe vile vile vya kahawa chungu alivyokuwa akinywa barazani vinamkaa mwilini kwa nguvu mpya. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji. Anasema, "Kuacha sigara kunaniua," anawasha moja. Wiki ya kuacha, kahawa ipunguzwe nusu. Ushauri huu hauna gharama yoyote, na sijui kwa nini haujabandikwa kwenye kila kliniki.

Kwenye vidonge kuna historia ndefu zaidi. Bupropioni ilianza kama dawa ya sonona, na mwaka 1997 Marekani iliiidhinisha rasmi kwa kuacha sigara. Haina nikotini. Inaanzwa wiki 1 hadi 2 kabla ya siku ya kuacha, kwa sababu inahitaji muda kujenga kiwango chake mwilini. Haimfai mwenye kifafa wala aliyewahi kupata degedege. Kwetu kuna tahadhari nyingine: rifampisini ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kama efavirenzi na ritonaviri, huishusha bupropioni kwenye damu. Mgonjwa asifiche dawa anazotumia, na daktari aulize.

Sitisini ndiyo ninayoitamani zaidi ifike huku. Inatoka kwenye mbegu za mti wa laburnum, wenye maua ya manjano yanayoning'inia, unaopandwa sana kwenye bustani za Ulaya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tumbaku ilipoadimika, baadhi ya askari walivuta majani yake. Bulgaria iliifanya kidonge mwaka 1964, na kwa miaka mingi nchi za Ulaya Mashariki zikaitumia huku madaktari wa Magharibi wakiwa hawana habari nayo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Warsaw, Polandi, lenye washiriki 740. Baada ya miezi 12, waliotumia sitisini na kuacha kabisa walikuwa asilimia 8.4, waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 2.4. Dozi yake ni siku 25 tu: vidonge 6 kwa siku kwa siku 3 za kwanza, vinapungua hatua kwa hatua, na sigara inaachwa kabisa siku ya 5. Kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za kazi hii, kwani mti unaitoa wenyewe. Bara lenye mifuko mitupu ndilo lingepaswa kuwa la kwanza kuikimbilia.

Vareniklini ni mtoto wa sitisini. Wanakemia wa kampuni ya Pfizer waliichukua molekuli hiyo, wakaibadilisha, na mwaka 2006 dawa ikaingia sokoni. Inashika milango ile ile ya nikotini kwenye ubongo lakini inaifungua nusu. Hamu inapoa, na anayeiba sigara moja haoni raha aliyoizoea. Inaanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, inatumika wiki 12, pamoja na chakula na glasi nzima ya maji kwa sababu ya kichefuchefu. Mwaka 2009 Marekani iliiwekea onyo kali kuhusu afya ya akili, na onyo lile likawatisha wengi. Kisha lilifanyika jaribio kubwa la watu zaidi ya 8,000, nusu yao wakiwa na historia ya magonjwa ya akili, likachapishwa 2016. Halikuona ongezeko kubwa la madhara hayo, na Desemba mwaka huo onyo likaondolewa. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi.

Huku nyuma, nguzo za umeme za Dar es Salaam zinaendelea kubeba mabango ya "dawa ya kuacha pombe na sigara," na kina mama wanauziwa unga wa kumtilia mume kwenye mchuzi bila yeye kujua. Nasema waziwazi kuwa huo ni wizi, na kumlisha mtu mzima dawa kwa siri ni hatari. Mwingine anatafuna karafuu au tangawizi. Hilo halina ubaya, linaushughulisha mdomo hamu inapopita, na hamu yenyewe hupita kwa dakika chache. Haliwezi kufanya kazi ya dawa. Sigara za kielektroniki zimeonyesha kusaidia watu wazima kuacha katika majaribio hayo ya Cochrane, lakini Shirika la Afya Duniani haliziorodheshi miongoni mwa tiba, Uganda imezipiga marufuku kwa sheria yake ya 2015, na ladha zake za matunda zinawaita watoto ambao hawajawahi kushika sigara.

Biashara inajua kujivika koti jeupe. Nchini Kenya vifuko vidogo vya nikotini vya kampuni ya sigara vilisajiliwa kwanza kama bidhaa ya dawa, mpaka mwaka 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alipoandika kwamba usajili huo haukufuata sheria. Tofauti ya kuangalia ni hii: tiba inakuja na dozi inayoshuka na tarehe ya mwisho. Bidhaa inayotaka uendelee kuinunua haina tarehe hiyo.

Kuna mwezi mmoja ambao mamilioni ya Waislamu wa pwani hii wanathibitisha kuwa mchana mzima bila sigara unawezekana. Tatizo la Ramadhani ni jioni: tende, maji, kisha sigara tatu mfululizo, na kazi yote ya mchana inafutwa. Anayetaka kuutumia mwezi huo kama mlango anaweza kuanza dawa Shaabani na kutumia chingamu baada ya futari. Kuhusu plasta, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilisema dawa inayopenya kupitia ngozi, plasta zikiwemo, haibatilishi funga. Wapo wanazuoni wanaoitenga ya nikotini, kwa hiyo mfungaji amuulize shehe wake mapema.

Kinachonikera ni kwamba hakuna hata kimoja katika haya kilicho kipya kwa serikali zetu. Shirika la Afya Duniani liliingiza chingamu na plasta kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na bupropioni na vareniklini mwaka 2021. Julai 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, sitisini ikiwemo, na kutaja kwamba zaidi ya watumiaji milioni 750 duniani wanataka kuacha lakini asilimia 70 hawapati huduma ya maana. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, Tanzania 2007. Kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazungumzia tiba. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2018 uliwakuta watu wazima asilimia 8.7 wakitumia tumbaku. Wa Kenya wa 2014, asilimia 11.6. Sigara ya moja moja unaipata kila kona ya mtaa. Plasta unaweza kuzunguka maduka ya dawa ya mji mzima usiipate.

Hatuanzi patupu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, na Tanzania ikakubali kwa vitendo kwamba mraibu wa heroini ni mgonjwa anayestahili dawa ya kumeza kila siku, mbele ya muuguzi, bila matusi. Wengi wa wanaopanga foleni ya methadoni wanavuta sigara. Kliniki za kifua kikuu zinawaona kila mwezi wagonjwa ambao mapafu yao yanashambuliwa na bakteria na moshi kwa pamoja. CTC, kliniki za wanaoishi na virusi vya UKIMWI, zina daftari, zina mshauri, zina tarehe za kurudi. Nikotini ya tiba ianzie hapo, Bohari ya Dawa iiagize, na bima ya afya iilipie. Mtu anayelipiwa matibabu ya saratani ya mapafu alistahili kulipiwa chingamu miaka 20 kabla.

Wewe unayetaka kuanza, chagua siku ndani ya wiki 2 zijazo, na uende kwa daktari au mfamasia kabla ya siku hiyo. Mwambie unavuta ngapi na ya kwanza unaivuta saa ngapi. Mtajie kifafa, figo, ujauzito, na kila dawa unayomeza, za TB na ARV zikiwa za kwanza. Ukijikwaa ukavuta moja siku ya nne, usitupe dawa. Endelea na dozi, urudi umweleze. Na usiondoke pale bila tarehe ya kurudi, isizidi wiki moja baada ya siku ya kuacha.